Gharama ya Farasi Katika Njia ya Tabora

Mwaka 1871, katika kijiji cha Kingaru, mwendo wa siku chache kutoka Bagamoyo, jumbe wa mahali hapo alimdai mgeni mmoja faini ya doti mbili za nguo. Kosa lenyewe lilikuwa la maziko. Mgeni alikuwa amefiwa na farasi, akaamuru azikwe karibu na kambi ili asije akawanukia watu, na jumbe akauliza: nani aliyekupa ruhusa ya kuzika farasi katika ardhi yangu? Mgeni huyo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyekuwa safarini kumtafuta Dakta Livingstone. Akajibu kwamba ikiwa tatizo ni ardhi, basi askari wake watamfukua farasi, watalifukia shimo, na mzoga watauacha juu pale pale ulipokuwa. Jumbe akaifikiria harufu, akaona heri urafiki. Faini ikafutwa.

Farasi aliyezikwa alikuwa zawadi kutoka kwa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Stanley alikuwa na farasi mwingine, naye alikuwa zawadi, safari hii kutoka kwa mfanyabiashara Mmarekani aliyeishi Zanzibar. Kabla maneno ya maziko hayajapoa, huyo wa pili naye akafa. Kwa hiyo katika safari ambayo ilikuwa na miezi mingi mbele yake, farasi wote wawili waliishia mahali ambapo hata Morogoro hujaifikia. Msafara uliobaki ulikuwa na punda, ambao hapo mwanzo walikuwa 27, na wapagazi zaidi ya 150, na ni hao wapagazi walioufikisha mzigo Tabora.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu ya swali ambalo nimekuwa nikiulizwa na wasikilizaji, hasa vijana, kila tunapozungumzia misafara ya zamani. Wanauliza, kwa nini wazee wetu walibeba mizigo vichwani na mabegani kutoka Ujiji hadi pwani, na kurudi, ilhali wenzao wa Uarabuni walikuwa na ngamia na Wazungu walikuwa na farasi na magari? Ndani ya swali hilo mna dharau ambayo tumeirithi bila kuijua. Iliandikwa na wageni wengi wa karne ya 19, kwamba Mwafrika alibeba kwa kuwa hakuwa na akili ya kumbebesha mnyama. Mimi naona jibu linapatikana kwa kupiga hesabu, na hesabu yenyewe tuianze na huyo farasi.

Farasi ni mnyama wa gharama popote duniani, na bei ya kumnunua ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Farasi wa kadiri, mwenye uzito wa kilo 400 hivi, hula kilo 8 za majani makavu kwa siku, na akifanya kazi nzito hutaka na nafaka juu yake. Maji hunywa lita 20 hadi 40. Kwato zake hazina budi kutazamwa, mgongo wake hauna budi kukaguliwa kila jioni usije ukachubuliwa na tandiko, na lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni huyo farasi tu. Sasa mtoe mnyama huyo Zanzibar, alikozoea banda na mtunzaji, umvushe bahari, umpitishe katika mabonde ya Ruvu, Ugogo yote, halafu umwingize Mgunda Mkali.

Wasiolifahamu jina hilo, Mgunda Mkali ni lile pori refu lililokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambalo leo abiria wa reli huanza kulikata wakishaipita Manyoni. Wakati wa kiangazi wasafiri walilivuka kwa kukaza mwendo, maji wameyabeba katika vibuyu, wakivizia visima vichache vilivyojulikana na viongozi wa misafara. Mpagazi mmoja alitosheka na kibaba cha nafaka kwa siku, na kibuyu chake kilimvusha. Farasi mmoja angehitaji mtu wa kumbebea maji yake, na mtu huyo naye ale na anywe. Unakuta kwamba ili mheshimiwa mmoja akae juu, watu wawili au watatu zaidi wanatembea chini kwa ajili ya mnyama wake.

Na hapo hatujagusa maradhi, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiimaliza hesabu yote. Njia ya Tabora ilipita katika nchi ya mbung'o. Mdudu huyu hupenda kivuli cha miombo na vichaka, na akimuuma ng'ombe, farasi au ngamia humwachia vijidudu vya ndorobo, au nagana kama unavyoitwa ugonjwa huo kwa jina la Kizulu. Mnyama hukonda huku anakula, macho hutoa machozi, damu humpungua, mwisho huanguka. Wenyeji na wafanyabiashara walijua siku nyingi kwamba katika pori fulani mifugo haipiti. Elimu ya hospitali ilikuja baadaye: ni mwaka 1895 ndipo daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alipokuwa Zululand, alipoeleza uhusiano wa vijidudu hivyo na mbung'o.

Farasi anaye na adui mwingine wa peke yake, nao ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huu huenezwa na usubi, vidudu vidogo kabisa ambavyo huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa baada ya mvua. Farasi anaweza kuwa mzima leo, na baada ya siku chache akafa huku povu likimtoka puani. Punda huupata ugonjwa huo lakini kwa kawaida haumwangushi. Hilo lisitushangaze. Punda asili yake ni Afrika hii hii, mababu zake ni punda mwitu wa upande wa Nubia na Somalia, na alianza kufugwa miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Farasi ni mtoto wa nyika za baridi za Asia, na huku amekuja akiwa mgeni.

Sasa isidhaniwe kwamba watu hawakujaribu. Walijaribu sana, na kwa fedha nyingi. Mwaka 1866 Livingstone aliondoka pwani ya kusini, upande wa Mikindani, akapanda na mto Ruvuma akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Nia yake mojawapo ilikuwa kuona ni mnyama gani atakayestahimili mbung'o. Jaribio halikumpa jibu safi, na sababu yake inafaa kukumbukwa na kila mwenye mnyama. Watu aliowakabidhi wanyama hao waliwapiga, waliwabebesha kupita kiasi na kuwanyima mapumziko, hata walipokufa mzee huyo hakuweza kusema kwa hakika nani ameuawa na mdudu na nani ameuawa na mwanadamu.

Wamisionari wa Kiingereza nao wakafikiria ng'ombe. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa kwa ng'ombe, akarudi na matumaini makubwa. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa Church Missionary Society akashughulika kuipasua barabara ya magari ya ng'ombe kwenda Mpwapwa. Barabara ilipatikana. Ng'ombe ndio waliokosekana, maana walikufa wakiwa katika nira.

Lakini aliyewapita wote kwa ubunifu, au kwa ukwasi, ni Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1879 tembo wanne waliofunzwa kazi kutoka Bara Hindi waliteremshwa katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, pamoja na wachungaji wao, chini ya Kapteni Carter. Mpango ulikuwa tembo wabebe mizigo hadi Ziwa Tanganyika, na baadaye wasaidie kuwafuga na kuwafundisha tembo wa kwetu. Hebu wafikirie Wagogo na Wanyamwezi, watu waliomjua tembo kwa pembe zake na kwa hatari yake, siku walipomwona tembo anapita njiani na mtu ameketi shingoni. Hao tembo walivumilia kuliko farasi, lakini wako waliokufia njiani, na hata waliofika mbali hawakudumu. Carter mwenyewe aliuawa huko Mpimbwe mwaka 1880, mpango ukafa naye.

Kwa hiyo mzigo ukabaki mabegani kwa watu, na miongoni mwa watu hao Mnyamwezi ndiye aliyekuwa bingwa. Kawaida mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, bila ya kuhesabu kitanda chake, sufuria, chakula na silaha. Kwenda pwani kulikuwa heshima. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Misafara mingi iliondoka baada ya mavuno, ikiongozwa na kirangozi aliyevaa mapambo yake, ngoma mbele, na mshahara ulilipwa kwa nguo. Mtu aliyerudi salama alinunua majembe, ng'ombe, akaoa. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia miaka ya 1890 wapagazi wapatao laki moja kwa mwaka walikuwa wakipita katika njia hiyo ya kati. Hiyo ilikuwa kazi ya ujira, yenye masharti yake na migomo yake. Mwajiri aliyepunja posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wabebaji hawapo. Stanley, Burton na wenzao wamejaza kurasa kulalamika juu ya watoro, na msomaji wa leo akizisoma kurasa hizo kwa makini ataona wafanyakazi wanaodai haki yao.

Hapa ndipo inapojitokeza hesabu ambayo tajiri wa Zanzibar au wa Ulaya hakupenda kuiandika katika daftari. Farasi akifa, hasara ni ya mwenye farasi. Fedha zake zimekwenda, na pengine jumbe atadai faini ya kaburi. Mpagazi akifa kwa ndui au kwa kuhara katika pori la Tura, tajiri amepoteza mkono mmoja tu, atatafuta mwingine wa kuushika mzigo. Aliyemlea marehemu kwa miaka 20, akamlisha, akamuuguza utotoni, akamfundisha kulima, ni mama yake kule Urambo au Uyui, na hakuna aliyempelekea hati ya madai. Nikisikia mtu anasema kwamba zamani usafiri wa kichwa ulikuwa rahisi, humuuliza: ulikuwa rahisi kwa nani?

Hesabu hiyo ilionekana kwa ukubwa wake wote katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia nchini kutoka kaskazini yakiwa na vikosi vya wapanda farasi wa Afrika Kusini. Jenerali van Deventer aliwakimbiza farasi hao hadi Kondoa Irangi katika mvua za Aprili, na waliofika walikuwa hoi, wengine wengi wamebaki matopeni. Mwaka ule farasi walikufa kwa maelfu na maelfu, kwa usubi, kwa mbung'o na kwa njaa, na wengine wakaletwa kuziba nafasi zao, nao wakafa. Tabora yenyewe ilitwaliwa tarehe 19 Septemba 1916 na jeshi la Wabelgiji la Jenerali Tombeur lililotoka Kongo, na askari wa jeshi hilo walikuja kwa miguu, mizigo yao ikiwa juu ya vichwa vya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yao inakisiwa wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa katika vita ile. Mkazi wa Dar es Salaam anayenunua nguo Kariakoo anakanyaga kumbukumbu yao, kwani jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo.

Basi ikiwa mambo ni hayo, farasi alikuwa na faida gani hata watu waendelee kumleta? Nitasema kweli, faida alikuwa nayo, ila si ya kubeba. Aliyempanda farasi alionekana kutoka mbali. Alizungumza na watemi akiwa juu. Unguja, ambako mazingira yalimfaa, farasi na wale punda weupe wa Maskati walikuwa sehemu ya fahari ya nyumba za kisultani, na fahari nayo ina kazi yake katika utawala. Hata leo Jeshi letu la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi, kwa kuwa askari mmoja aliye juu ya farasi hutuliza umati ambao askari kumi wa miguu wangeusukuma tu. Wako pia farasi wanaofugwa upande wa Arusha na Kilimanjaro, kwenye baridi, kwa watalii, na siku hizi chanjo na dawa zipo. Mwenye uwezo wa kugharimia banda, chakula na daktari wa mifugo, na amfuge. Kosa la wale wa zamani lilikuwa kununua fahari wakidhani wananunua usafiri.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ndefu za misafara zikaisha. Mzigo mfupi haukuisha. Nenda leo Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley, ambalo sasa ni makumbusho. Ukitoka hapo ukaendelea na njia za vijijini utaona nani anabeba. Maji ya Ziwa Victoria yamekwishafika Tabora mjini, jambo la kushukuru, lakini viko vijiji ambavyo ndoo bado iko kichwani, na kichwa chenyewe ni cha mama au binti. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mama akienda kisimani mara tatu kwa siku amebeba karibu frasila nne, na hakuna kirangozi wala ngoma, na mwisho wa mwezi hakuna doti.

Mnyama anayeweza kuuondoa mzigo huo ni yule yule ambaye katika habari za misafara hutajwa kwa kulaumiwa: mkaidi, mvivu, mpiga mateke. Punda mmoja mwenye afya hubeba madumu mawili bila kuumia, na akifungwa mkokoteni mzuri huvuta zaidi ya hapo. Hutosheka na majani ambayo ng'ombe ameyaacha. Akitunzwa hufanya kazi miaka 15 na kuendelea. Simdai kuwa hafi. Mbung'o humdhuru naye, na punda wengi wa Burton na Stanley walipukutika njiani. Livingstone alipokuwa akirudi kutoka Ujiji kuja Tabora mwanzoni mwa mwaka 1872, punda aliyempanda alivamiwa na nyuki, akajigaragaza badala ya kukimbia, akafa baada ya siku mbili. Anayeijua Tabora kwa asali yake hatashangaa sana.

Lakini tusijidanganye kwamba punda ni wa bure. Hapa ndipo tunapokosea, na kosa letu ni kinyume cha kosa la mwenye farasi. Yeye alilipa bei kubwa akasahau matunzo. Sisi bei ni ndogo, kwa hiyo tunaona hata matunzo hayana haja. Tunasema punda afe, mzigo ufike, na tunautimiza msemo huo kwa vitendo. Pita katika magulio ya Tabora, Shinyanga au Singida utazame migongo. Kamba ya katani imekula nyama, nzi wamejaa kwenye kidonda, na juu ya kidonda limewekwa gunia. Punda anataka maji safi kila siku, kivuli, siku ya kupumzika, dawa ya minyoo, kwato zikatwe zinaporefuka, na tandiko la gunia lililojazwa majani laini ili mzigo usikae juu ya uti wa mgongo. Hilo tandiko haligharimu fedha, linagharimu jioni moja ya kushona. Jumlisha yote kwa mwaka, kisha pima na saa ambazo mama na binti wa nyumba hiyo wamezipata. Binti aliyewahi darasani kwa sababu maji yameletwa na punda ni faida ambayo mimi sijui niitie bei gani.

Thamani hiyo tulikaribia kuiuza. Katika miaka ya 2010 ngozi ya punda ilianza kutafutwa kwa nguvu na wafanyabiashara, ichemshwe kupata gundi inayotumika katika dawa za jadi za China. Machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga. Bei ikapanda, wezi wa punda wakajitokeza, na watu waliokuwa na punda wawili wakajikuta hawana hata mmoja, ndoo imerudi kichwani. Punda si kuku. Mimba yake huchukua takriban miezi 12, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hawezi kubebeshwa mpaka apite miaka mitatu au minne. Hakuna ufugaji unaoweza kushindana na kisu cha namna hiyo. Mwaka 2022 Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakakubaliana kuuzuia katika bara zima kwa miaka 15.

Miaka 10 ya marufuku yetu itatimia mwaka 2032. Mwanapunda aliyezaliwa mwaka ule ilipotangazwa, kama yupo mahali fulani Sikonge au Nzega na mgongo wake haujachubuliwa, siku hiyo atakuwa na umri wa miaka 10, na nusu ya kazi yake bado iko mbele yake.